Tupeane uzoefu: nyumbani kwako Goma, franga inabaki kwa njia gani?

Mama Neema, Ndosho

Wazazi, ndugu, nawasalimu wote. Kila nyumba ya mji huu ina akili yake ya kubana matumizi, na nyingi zinabaki nyuma ya ukuta wa mbao, jirani hazijui. Tuzitoe. Naomba kitu kimoja tu: andika lile unalolifanya mwenyewe nyumbani, si lile ulilolisikia.

Naanza na moto, kwa sababu hapa kwetu moto unakula pesa hata kabla ya chakula. Wengi tunanunua makala, yaani makaa ya kupikia, kwa mfuko mdogo, mmoja wa asubuhi na mwingine wa jioni. Jumlisha mifuko hiyo ya mwezi mzima, utakuta umeshalipa gunia na umeongeza juu. Muuzaji simlaumu, naye anatafuta. Lakini mwenye nyumba kubwa ya Himbi anashusha magunia kwa gari, na kwa kila kilo analipa kidogo kuliko mama wa Ndosho mwenye mbabula moja, jiko dogo la makala. Jambo hilo linaniumiza sana.

Basi akina mama wa parsele yetu tulikaa tukafanya likirimba ya makala, mchezo wa kuchangiana na kupokea kwa zamu. Siyo ya pesa, ni ya makala yenyewe. Kila juma kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na mmoja anashushiwa gunia na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, hadi mlangoni. Nilishacheza likirimba ya kawaida miaka mingi: pesa ikifika mkononi siku hiyohiyo kuna mgonjwa, kuna kilio, kuna mtoto amefukuzwa shule. Gunia likishaingia jikoni limeingia. Haliwezi kugeuka kitu kingine.

Msimu wa mvua angalieni vizuri. Makala yaliyolowa ni mazito, yanachelewa kushika na yanajaza moshi. Ingiza mkono hadi katikati ya gunia kabla ya kulipa, juu wanaweka makavu. Nyumbani liweke juu ya mbao, lisiguse chini.

Papa wa Katoyi

Mama Neema, aksanti. Lakini mimi ni mtu wa kazi ya siku, kuna juma napata na kuna juma narudi mikono mitupu. Nikikosa kutoa mara moja, kundi linanionaje? Ndiyo maana wengi kama mimi tunabaki kwa mifuko midogo, hata kama tunajua ni ghali.

Mama Neema, Ndosho

Papa, neno lako ni la kweli, na sisi tuliliangalia kabla ya kuanza. Mwenye kazi isiyo na uhakika tunampanga apokee mwishoni. Akikosa juma moja, hajala jasho la mtu, amechelewesha la kwake tu. Tena kila mara tunabakiza kidogo pembeni kwa ajili ya mwenye shida, kama watu wa MUSO, yale makundi ya kusaidiana, wanavyofanya na kashe yao nyekundu ya dharura. Muwe wachache na mjuane nyumba kwa nyumba. Kundi kubwa la watu wasiojuana mimi singeingia.

Yaya Zawadi, Majengo

Kwangu makala yalikuwa yanaishia kwa maharage. Sasa nayaloweka usiku, asubuhi namwaga yale maji na kuweka mapya. Nayachemsha kwa moto mkali mpaka yaanze kulegea, kisha naifunga sufuria na mfuniko wake ndani ya kikapu nilichokijaza blanketi kuukuu. Naenda sokoni. Nikirudi yameiva, bado yana moto, na mbabula ilishazimwa zamani. Msiruke ile hatua ya kuchemsha kwa nguvu: maharage mekundu yaliyopashwa moto kidogo tu yanaumiza tumbo vibaya.

Makala yanayobaki yakiwaka nayatia ndani ya kopo kubwa la chuma lenye mfuniko. Yakikosa hewa yanazima, na jioni nawashia hayohayo. Mbabula yenyewe msiiingize chumbani kulala nayo kwa sababu ya baridi. Hewa yake inaua watu wakiwa usingizini.

Baba Mapacha, Kyeshero

Sisi tuna umeme wa mita ya kulipia mbele, ule unaotoka Matebe kule Rutshuru. Maharage na sombe tunapika kwa sufuria ya presha ya umeme, bugali na chai tunabaki na makala. Vile vinavyochukua saa nyingi ndivyo vinavyofaa umeme. Kuhamisha jiko lote sikuona faida.

Dada wa Kituku

Mimi nauza samaki, kwa hiyo nitawaambia kitu ambacho wateja wangu wengi hawakiangalii: mwezi.

Sambaza, yule samaki mdogo wa ziwa Kivu, anavuliwa usiku kwa taa. Mashua zinatoka jioni, taa zinawashwa juu ya maji, samaki anafuata mwanga na wavu unamsubiri. Sasa usiku wa mwezi mpevu ziwa lote lina mwanga, taa ya mvuvi inakosa nguvu, samaki anatawanyika. Siku hizo kinachofika soko la Kituku ni kidogo na bei inapanda. Mwezi ukifa, usiku ukiwa giza kabisa, mitego inajaa na bei inashuka. Mama anayenunua kila siku kiasi kilekile analipa bei zote mbili. Mama anayeangalia juu ananunua nyingi wakati wa giza, anazitia chumvi, anazianika juu ya wavu mchana mmoja au miwili ya jua kali, na wakati wa mwezi mpevu anapika zake mwenyewe.

Zianike juu, hewa ipite chini yake, na uweke chandarua kuukuu kwa ajili ya nzi. Zikivunjika ukizikunja, zimekauka. Zikipinda tu, zirudishe juani.

Huyu sambaza mwenyewe si mwenyeji, aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo sijui tungekula nini bila yeye.

Mwalimu wa Mugunga

Nazungumzia maji. Kununua bidoni la lita 20 kila mara kunamaliza mfuko, na sisi tunaishi chini ya mvua nyingi. Nimefunga bati lililokunjwa pembeni ya paa, mvua inaingia ndani ya pipa. Dakika za kwanza naacha maji yaende, yanaosha vumbi la paa. Yanayofuata ni ya kufua, kuosha sakafu na vyombo, na ya choo.

Hatuyanywi, na nawaomba msiwanyweshe watoto. Moshi wa Nyiragongo, ule mlima wa moto, unaingia ndani ya mvua. Upande wa Rusayo maji ya mvua yamepimwa yakakutwa na floridi nyingi, nayo inaharibu meno ya mtoto anayekua. Ya kunywa tunanunua, au tunachota ziwani pale penye watu wanaotia klorini ndani ya maji, na tunasubiri nusu saa kabla ya kuyagusa. Pesa unayoibana kwa kunywa maji ya ziwa hivihivi utaipeleka yote kwenye matibabu ya kipindupindu, kama utawahi.

Kijana wa Birere

Wenye kuficha dola chini ya godoro: nyumba zetu zina unyevu. Noti ikipata madoa au ikichanika hata kidogo, sokoni wanaikataa, na mbadilishaji anaichukua kwa hasara yako. Ziweke ndani ya plastiki, zilale zimenyooka bila kukunjwa. Na unapopokea, igeuze pande zote mbili mbele ya anayekulipa.

Mama wa AVEC, Mabanga

Tangu banki zifungwe Januari 2025, sanduku la AVEC yetu, kundi la kuweka akiba na kukopeshana, limekuwa na kazi kubwa kuliko zamani. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tofauti, hakuna anayelifungua peke yake. Kila kikao mtu ananunua hisa, moja hadi tano, kwa nguvu zake. Tulipanga mzunguko uishe Agosti kwa makusudi, pesa igawanywe wakati minervali, ada ya shule, ya sekondari inakaribia. Zamani mgao uliangukia Desemba, ukaliwa na sikukuu, na Januari watoto wakarudishwa nyumbani.

Nilikuwa na swali kwa Yaya Zawadi: maharage ya mavuno unayahifadhi namna gani? Mimi nikinunua mengi yakiwa bei chini, wadudu wanayatoboa.

Yaya Zawadi, Majengo

Mama, tafuta bidoni la plastiki lenye kifuniko cha kukaza. Anika maharage tena hata kama muuzaji anasema ni makavu, yaache yapoe, kisha jaza mpaka mdomoni, ukitikisatikisa yashuke, pasibaki nafasi. Funga kabisa na usifungue wiki za mwanzo. Wadudu waliomo wanamaliza hewa na wanakufa. Chukua mabidoni madogo kadhaa kuliko moja kubwa, ili ukifungua la kula mengine yabaki yamefungwa. Na lisiwe bidoni lililowahi kubeba petroli, hata ukilisafisha namna gani harufu inabaki ndani ya maharage.