Mmarekani aliyekulia NFL na NBA ananogewa na nini kwenye soka?

Mpenda_Kona:
Wakuu, habari za leo. Wanaoifuatilia soka ya Marekani kwa karibu naomba mnieleweshe. Shabiki wa kule amelelewa na NFL (mpira wa Kimarekani), NBA (mpira wa kikapu) na besiboli, amezoea pointi nyingi na mshindi apatikane. Mechi inayoweza kuisha 0-0 inamshika na nini hasa? Na anayeanza leo aanzie wapi, asije akachoka wiki ya pili?

Kiungo Mkabaji:
Mkuu, anza na saa. Mechi ya NFL ina dakika 60, lakini inakula zaidi ya saa tatu, na mpira wenyewe unachezwa kwa takriban dakika 11 tu. Kinachobaki ni kujipanga, picha za marudio na matangazo. Soka ni 45, mapumziko 15, 45 tena na za nyongeza, ndani ya saa mbili umemaliza. Kwenye ligi hakuna tangazo linalokatiza kipindi, kwa sababu mdhamini yuko kifuani mwa jezi na kwenye mabango ya pembeni. Kocha naye hana taim-auti, yaani hawezi kusimamisha mchezo atoe maelekezo. Timu ikizidiwa dakika ya 70, wachezaji wenyewe ndio watafute dawa mle mle uwanjani, na shabiki anawaona wakiitafuta.

Halafu uzito wa goli. Kikapu cha robo ya kwanza nani anakikumbuka? Goli la dakika ya 12 linageuza mchezo mzima: aliyefungwa anapandisha mabeki wa pembeni, nyuma kwake panabaki wazi, aliyefunga anarudi kukaba huku akivizia shambulizi la kushtukiza. Mechi haijasimama, ila imeshakuwa nyingine.

MLS yenyewe, ligi kuu ya soka ya Marekani, ilikosea hapa. Ilipoanza 1996 na timu 10, saa ilihesabu kurudi nyuma hadi sifuri, na sare iliamuliwa kwa mchezaji kuanza na mpira yadi 35 kutoka golini, ana sekunde 5 amalizane na kipa. Waliona Mmarekani hataki sare. Baada ya msimu wa 1999 vyote viwili vikafutwa, na leo ligi ina timu 30 kwa sheria zile zile za dunia nzima.

Bi Mwamuzi:
Naongezea kwenye kutazama, maana hapo ndipo wengi wanapochokea. Mgeni anaufuata mpira kwa macho, na mpira ukiwa kwa beki anaona hakuna kinachoendelea. Aliyezoea mpira wa kikapu tayari ana jicho linalotakiwa, alitumie tu. Dakika 10 amtazame kiungo mkabaji peke yake: kabla pasi haijamfika anageuza shingo kuangalia nyuma. Akipokea akiwa ameshafungua mwili kuelekea mbele, shambulizi linaanza. Akipokea kautazama mpira tu, anakabwa mgongoni na mpira unarudi kwa beki. Kukaba juu kwa timu nzima ni kile kile cha NBA cha kubana uwanja mzima.

Kuotea kunawachanganya kwa sababu ya hoki ya barafu, ambako mstari umechorwa. Kwenye soka mstari unatembea na beki wa pili kutoka mwisho, kipa akihesabiwa. Kinachoangaliwa ni mshambuliaji alikuwa wapi mpira *ulipopigwa*, wala si alipoupokea. Picha ya marudio ukiitazama kuanzia kwenye kupokea, kila mtu ataonekana ameotea. Kwenye mpira wa kurusha, kona na goli-kiki hakuna kuotea.

Saa Moja na Nusu:
Kingine ni ratiba. Kwa saa za New York, mechi za Jumamosi za Ligi Kuu ya Uingereza zinaanza saa 1:30 asubuhi, saa 4:00 asubuhi na saa 6:30 mchana. Ya Jumapili ya saa 5:30 inaisha NFL ya saa 7:00 mchana ikiwa ndiyo kwanza imeanza, kwa hiyo shabiki haachi mchezo wake wa zamani. Wa Los Angeles ndiye mwenye kazi: ya kwanza kwake ni saa 10:30 alfajiri.

Mtego uko kwenye kubadilisha saa. Marekani inasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza ya mwisho. Katikati hapo tofauti na New York inakuwa saa 4 badala ya 5, mechi zinakuja saa moja baadaye, na watu wanawasha runinga mpira haujaanza. Mwisho wa Oktoba inatokea tena, kwa wiki moja. Kwa MLS nako kuna kusubiri: ikitangazwa saa 1:30 usiku, mpira unaguswa kama dakika 8 hadi 10 baadaye.

Mpenda_Kona:
Nashukuru sana. Na uwanjani? Halafu ligi isiyoshusha daraja si inapoa?

Kiungo Mkabaji:
Haipoi, ina mtoano. Timu 9 za kila kanda zinaingia, na raundi ya kwanza ni mshindi wa mechi mbili kati ya tatu, kitu ambacho Mmarekani amekizoea tangu utotoni. 2024 Inter Miami walimaliza na pointi 74, rekodi ya ligi, wakatolewa na Atlanta United raundi hiyo hiyo. Ila timu za mkiani mwezi wa tisa hukosa cha kupigania, hilo ni pengo la kweli.

Uwanjani, nenda Portland. Timbers, timu ya huko, wakifunga, mhamasishaji wao Timber Joey anawasha msumeno wa injini na kukata kipande cha duara kutoka kwenye gogo pale pale mbele ya jukwaa la Timbers Army, kundi la mashabiki wao. Mbao inapita mikononi mwa mashabiki, na mechi ikiisha mfungaji anakabidhiwa. Tahadhari: jukwaa la namna hiyo, au lile la kundi la mashabiki la 3252 pale LAFC, timu ya Los Angeles, watu husimama na kuimba dakika zote 90, na bendera hukuziba. Kwa mechi ya kwanza kata tiketi ya pembeni, safu za juu karibu na mstari wa kati, uone timu zinavyojipanga.

Na sisi tuna wetu: Bernard Kamungo alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, akapita kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas, hadi FC Dallas yenyewe ya MLS, na Januari 2024 akaichezea Marekani dhidi ya Slovenia.

Bi Mwamuzi:
Wanawake mmewaruka, wakati familia nyingi za kule zimeingilia mlango huo. Timu yao ya taifa imechukua Kombe la Dunia mara nne: 1991, 1999, 2015 na 2019, na fainali ya 1999 kwenye uwanja wa Rose Bowl, California, ilikuwa na watu 90,185. Mkuu, anayeanza apewe NWSL, ligi ya wanawake ya kule. Kansas City Current wana uwanja wao tangu 2024, uliojengwa kwa ajili ya timu ya wanawake, viti 11,500, na popote utakapokaa unasikia mabeki wanavyopangana kwa sauti.