MGB "maili chache, haijaguswa": acheni kutuuzia mapambo kwa bei ya magari

Wakuu, huu uzi ni wa hasira, asiyetaka apite.

Matangazo ya MGB na Triumph Spitfire, zile gari ndogo za zamani za michezo, huko Uingereza yamekuwa wimbo mmoja: limetembea maili kiduchu miaka yote, limepelekwa maonyesho kwa trela, halijawahi kunyeshewa. Eti hiyo ndiyo sababu ya kupandisha bei! Anayezijua hizi gari akisoma hivyo anaanza kupiga hesabu ya spea.

Breki kwanza, maana ndizo zinazoua. Mafuta ya breki ya DOT 4 hufyonza unyevu hewani, gari litembee lisitembee, ndiyo maana hubadilishwa kila miaka miwili. Kwenye gari la pambo nani anakumbuka? Maji yanakula masta silinda kwa ndani, pistoni za kaliper zinashika kutu, na mipira ya breki inavimba ndani: ukikanyaga presha inapita, ukiachia hairudi. Gurudumu linachemka, gari linavuta upande mmoja. Wengine wanatia DOT 5 ya silikoni kwa kuwa haibabui rangi. Rangi, jamani! Maji yakiingia humo hayachanganyiki, yanatuama sehemu ya chini kabisa na kutu inaanzia hapohapo.

Halafu kuna wale wa "mimi huliwasha kila Jumapili dakika 5". Ninyi ndio mnaliua. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Injini ikiwa baridi, sehemu ya mvuke huo inapenya kwenye ringi za pistoni na kuishia kwenye oili, huku choki inamwaga petroli inayoosha kuta za silinda. Fungua kifuniko cha kutilia oili uone ule ute wa rangi ya maziwa. Themostati (kile kizibo kinachoachia maji ya injini yaende kwenye rejeta) ya kawaida ya MGB hufunguka nyuzi 82, lakini oili huchelewa kuliko maji, na giaboksi na difu huchelewa zaidi. Kama huna dakika 30 hadi 40 za barabarani, usiliwashe kabisa.

Petroli ya kawaida kule ni E10 (yenye ethanoli hadi asilimia 10) tangu Septemba 2021. Ethanoli inapasua mipira ya zamani ya kupitishia petroli, kwa hiyo funga mipira ya R9, inayohimili ethanoli, na ujaze E5 (ethanoli hadi asilimia 5). Pampu ya petroli ya umeme, ile ya kampuni ya SU, ikikaa bila kazi, platini zake (vidude vinavyogusana kupitisha umeme) zinachafuka, ndipo unamkuta mtu yuko chini ya gari anaigonga kwa mpini wa bisibisi.

Spitfire ndiyo hatari zaidi. Kila gurudumu la mbele linabebwa na nguzo ya chuma yenye meno ya skrubu, inayozunguka ndani ya kipande cha shaba kiitwacho trunioni. Humo inaingia oili ya gia EP90, SI GRISI. Grisi inaganda, maji yanakaa juu yake, chuma kinalika usikokuona, kisha unakata kona nguzo inakatika na gurudumu linalala chini ya madigadi. MGB yenyewe hapo mbele ni grisi, sehemu tatu kila upande, kila maili 3,000. Na mwenye pambo hapigi, kwa sababu maili 3,000 hajazifikisha!

Kibaya zaidi, tangu Mei 2018 gari la miaka 40 ambalo halijabadilishwa sana halilazimiki ukaguzi wa MOT, ule wa usalama wa kila mwaka wa Uingereza. Kwa hiyo jaji wa maonyesho anakagua kromu, mkaguzi hayupo, na mnunuzi ndiye anajaribu breki kwa mara ya kwanza akiwa barabara kuu.

Ukiwa na Jaguar E-Type ya mwanzo kabisa ya 1961, sawa, ifunike, ina hadhi hiyo. Lakini MGB zilitoka zaidi ya laki tano pale kiwandani Abingdon, 1962 hadi 1980. Unahifadhi nini?

Wauzaji, wekeni risiti za mafuta ya breki na picha ya tarakimu nne za tairi (2309 ni wiki ya 23 ya 2009, hilo ni la kutupa hata kama kashata zake mpya). Na mnunuzi apewe dakika 40 za kuendesha, injini ikiwa moto. Mkikataa, bakini na kromu zenu.