Tupeane uzoefu: mnaoishi kwenye nyumba za mawe za zamani, mnazitunza vipi?

Salaam kwenu nyote. Tukizungumzia urithi, mara nyingi tunataja Kilwa Kisiwani, Ngome ya Yesu na makumbusho. Leo naomba tuzungumzie urithi tunaolala ndani yake: kuta za mawe na chokaa, dari za boriti, mabaraza, milango ya kuchonga. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo kwenye orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000, Lamu tangu 2001, lakini paa likivuja anayehangaika ni mwenye nyumba, mpangaji, na fundi akipatikana. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kihistoria la Mji Mkongwe, ilipoporomoka Desemba 2020 na kuua watu, kila masika yakianza mimi nakagua dari ya kwetu. Mwenye uzoefu aseme: ulirekebisha nini, na nani alikuelekeza?

Mpangaji, Mji Mkongwe

Naanza mimi. Ukuta wa chini wa nyumba tuliyopanga, upande wa uchochoro, ulipigwa plasta ya saruji na waliokaa kabla yetu. Kwa macho ulipendeza. Haukupita muda rangi ikavimba malengelenge, chumvi nyeupe ikachomoza, na ukigonga unasikia mvungu kwa ndani.

Mwenye nyumba akaleta fundi mmoja mzee. Hakushughulika na rangi kabisa. Alibandua saruji yote mpaka mawe yakabaki wazi, kisha akaniambia, "Mwanangu, pitisha kiganja." Kiganja kilirudi kimelowa. Akanieleza kuwa jiwe la matumbawe hufyonza maji ya ardhini. Plasta ya chokaa huyapitisha yakakauka taratibu, lakini saruji huyazuia, nayo hupanda kutafuta pa kutokea mpaka yafike kwenye vichwa vya boriti vilivyochimbiwa ukutani. Kichwa cha boriti kikioza, dari inashuka.

Ukuta uliachwa uchi kiangazi kizima ndipo ukapigwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, tabaka nyembamba nyembamba. Wageni walikuwa wakishangaa kuona mawe sebuleni. Mimi nasema kila anayemiliki nyumba hizi angeshika ukuta ule kwa mkono wake, asingenunua tena mfuko wa saruji.

Fundi

Huyo mzee kakufundisha sawasawa. Nami niongeze. Chokaa yetu ya asili ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa juu ya kuni yakachomwa, yakamwagiwa maji, kisha ikaachwa ikae miezi. Iliyokaa sana ndiyo laini, na ndiyo inayoshika. Wateja wa siku hizi wanataka kazi iishe wiki hii hii, na hapo ndipo saruji inapopata mlango.

La pili, msivunje kuta ili mpate sebule kubwa. Upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko, ambayo haiendi mbali zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu. Ukuta unaouona umekaa vibaya katikati ya nyumba ndio uliobeba ghorofa. Na kwa walioko Mji Mkongwe, kabla ya nyundo ya kwanza tafuteni kibali cha Mamlaka ya Hifadhi. Ipo tangu 1985.

Mjukuu, Lamu

Nyumba ya bibi yangu ina zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ukuta mzima wa chumba cha ndani, safu juu ya safu, zote za plasta ya chokaa. Wajomba walitaka kuziziba waweke kabati la mbao. Bibi hakubishana nao. Alizipangusa vumbi, akarudisha humo sahani zake za kauri, misahafu, vyetezo, na kimoja cha chini akatuachia sisi wajukuu tuchajie simu. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja kabati.

Mmoja wa warithi, Unguja

Sisi mtihani wetu ni mlango. Msaji mtupu, mnyororo umechongwa kuzunguka miimo, na juu kwenye kizingiti umeandikwa mwaka wa Hijria. Mnunuzi alimfuata ami yetu na fedha taslimu, wakati ambapo paa linavuja na warithi ni wengi. Sikumlaumu ami, shida ilikuwa ya kweli. Tulikaa kikao, tukachanga tukaziba paa, na kwenye karatasi ya mirathi tukaandika kwamba mlango ni sehemu ya nyumba, hauuzwi peke yake. Picha za kila ubao, pamoja na mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, tumezigawana wote. Nawasihi wenye milango kama hii muandikiane mapema, wazee wangali hai.

Msomaji, Dar es Salaam

Kwetu nyumba ilishauzwa, lililobaki ni sanduku la tenzi kwa hati za Kiarabu. Tulizipeleka zikaangaliwa na wataalamu wa TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kuna hazina kubwa ya miswada ya namna hiyo. Mwenye karatasi kama hizo asizibandike kwa gundi ya selotepu. Inaacha madoa na kubandua wino.

Aliyeanzisha

Ahsanteni sana. Fundi, nitajuaje kama plasta ya kwetu ni saruji, na nianzie wapi?

Fundi

Kwaruza kwa ncha ya kisu mahali pasipoonekana. Chokaa inatoka unga mweupe au mwekundu kidogo, saruji ni ya kijivu na kisu kinateleza. Ila ukuta uache kwanza, panda juu. Zibua mifereji ya paa, ng'oa miche ya miti iliyoota kwenye nyufa ingali midogo, hakikisha maji ya mvua hayamwagiki ukutani. Ukuta ushughulikie baada ya masika.