Naomba ushauri: Chur hadi Tirano kwa treni na watoto wawili wadogo

Habari zenu wakuu. Mwezi wa sita tunapanda treni ya milimani Uswisi, kutoka Chur hadi Tirano, Italia, na watoto wa miaka 4 na miezi 18. Nauli yao haipo, kwani hawajafika miaka 6 na wako na mzazi.

Treni ya kitalii, Bernina Express, inakwenda moja kwa moja kwa saa 4 hivi, ila lazima ulipie siti mapema, na madirisha yake makubwa hayafunguki. Treni za kawaida zinapita reli ileile bila kulipia siti. Mnabadilisha njiani, lakini mtoto akilia sana mnashuka, anakimbia kidogo, mnapanda inayofuata. Naegemea hizi.

Hofu yangu ni mteremko. Ospizio Bernina, stesheni ya juu kabisa ya reli hii, iko mita 2,253 juu ya usawa wa bahari, Tirano mita 429, na treni inashuka yote hayo chini ya saa mbili, kwa kona kali. Masikio yanaziba, na mtoto wa miezi 18 huwezi kumwambia "meza mate".

Waliopita na watoto, nisaidieni: nianze kumnyonyesha kwenye stesheni ya Alp Grüm, chini kidogo ya Ospizio, au mapema zaidi? Akiwa amelala, nimwamshe? Wa miaka 4 hutapika kwenye kona. Nimlishe saa ngapi kabla? Na kigari cha kukunja kinapita kirahisi wakati wa kubadilisha treni, au mdogo nimbebe mgongoni kwa kanga?