Mipangilio ileile kwenye Windows na Linux

Swali: Wakuu, .bashrc na .gitconfig zangu (faili za mipangilio ya Bash, programu ya kuendeshea amri, na ya Git, programu ya kutunza matoleo ya faili) ziko kwenye hazina ya Git. Nikihariri Windows kisha nikavuta Linux, Bash inalalamika: $'\r': command not found. Shida nini?

Jibu: Ni miisho ya mistari, mkuu. Windows humaliza mstari kwa alama mbili (CRLF, na hiyo CR ndiyo \r), Bash inataka moja tu (LF). Ndani ya hazina tengeneza faili ya .gitattributes, inayoiambia Git jinsi ya kushughulikia faili, yenye mstari huu:
* text=auto eol=lf
Kisha endesha git add --renormalize . ili faili zilizomo zirekebishwe, halafu git commit kuhifadhi mabadiliko.

Jibu: Anwani yako ya barua pepe ya kazini nayo isikae humo kwenye hazina. Mwishoni mwa .gitconfig andika:
[include]
path = ~/.gitconfig.local
Anwani iandike kwenye hiyo .gitconfig.local, nayo ibaki nje ya hazina, kila kompyuta na yake. Hiyo [include] iwe mwishoni kweli, maana thamani inayosomwa baadaye ndiyo inayoshinda. Faili ya .gitconfig.local isipokuwepo, Git huiruka kimya.

Jibu: Funguo binafsi za SSH (faili za siri za kuingilia kompyuta nyingine kwa mbali), tafadhali, zisiingie kabisa kwenye hazina. Ukizifuta leo, bado zimo kwenye historia ya matoleo ambayo Git huitunza.