Mjadala: Hospitali za Kanada na maridhiano na wenyeji asilia. Ahadi ipimwe wapi?

Nesi wa Usiku, Manitoba
Ndugu zangu, hasa mlio kwenye kazi za afya huku Kanada, naomba mawazo yenu. Kila kikao cha idara yetu hufunguliwa kwa tamko kwamba tupo kwenye ardhi ya wenyeji asilia: Mataifa ya Kwanza, na Wametis, yaani wazao wa wenyeji na Wazungu. Septemba 30 tunavaa fulana za chungwa kuwakumbuka watoto wa wenyeji asilia walionyang'anywa wazazi wao wakapelekwa shule za bweni za kuwafutia lugha na mila zao. Ninaivaa kwa moyo. Lakini majuzi bibi mmoja, mwenyeji asilia, aliingia kwenye zamu yangu ameshika ubavu, pumzi inamkatika. Swali la kwanza aliloulizwa: "Umekunywa leo?" Akavuta blanketi hadi kidevuni, hakutamka neno tena mpaka mjukuu wake alipofika.

Swali hilo tunajua linaishia wapi. Septemba 2008 Brian Sinclair, mwenyeji asilia, miaka 45, aliyekatwa miguu yote miwili, alifika hospitali ya Health Sciences Centre, Winnipeg, na barua ya daktari. Mpira wake wa mkojo ulikuwa umeziba. Kuubadilisha na kumpa antibaotiki kungetosha. Alikaa mapokezi ya dharura saa 34 kwenye kiti cha magurudumu, akatapika, na wapo wahudumu waliodhani amelewa au anatafuta pa kulala. Alipokuja kuangaliwa, mwili ulishakakamaa.

Msimamo wangu: tamko libaki, lakini tangu 2023 hospitali za Manitoba zinawauliza wagonjwa asili yao wanapojiandikisha. Basi saa za kusubiri za kila kundi zibandikwe ukutani palepale mapokezi, kila hospitali na zake. Mnasemaje?

Wa Edmonton
Dada, hapana. Mgonjwa ni mgonjwa. Mimi nilisubiri kwa muda wa saa 11 na mtoto anachemka homa, na hakuna aliyeniomba radhi. Mkianza kuwahesabu watu kwa makabila hospitalini, sisi tuliotoka Maziwa Makuu tunashtuka, na tuna sababu. Waongezwe manesi, basi.

Mama Furaha, Montréal
Kaka, uoga wako naujua, hata mimi ninao. Ila Joyce Echaquan hakufia kwenye foleni. Alikuwa kitandani, hospitali ya Joliette, Septemba 28, 2020. Mwenyeji asilia wa taifa la Atikamekw, jamii ya Manawan, miaka 37, mama wa watoto 7. Alijirekodi kwa simu akilia kwa maumivu, na sauti za wahudumu wakimtukana zinasikika. Mchunguzi wa vifo alisema ubaguzi ulichangia kifo chake. Serikali ya Quebec wakati huo ilikataa kusema ubaguzi wa kimfumo, yaani ulio ndani ya mfumo wenyewe. Sasa niambie, nesi wa ziada angemsaidia nini, kama naye angekuja na matusi yaleyale?

Mzee wa Ujiji
Chama cha Madaktari cha Kanada kiliwaomba radhi wenyeji asilia Septemba 18, 2024, kule Victoria. Vizuri. Kwetu anayekuja kuomba radhi haji mikono mitupu. Na wewe wa Edmonton, mwanangu, mjini kwako ndiko ilikokuwa Charles Camsell, moja ya hospitali walizotengewa watu hawa. Wagonjwa wa kifua kikuu walilazwa miezi na miaka mbali na kwao, na wengine hawakurudi. Wajukuu wao ndio hao mnaowashangaa kwamba wanachelewa kuja kutibiwa.

Wa Edmonton
Shikamoo mzee. La Camsell sikulijua. Lakini bado nauliza: hizo takwimu atazishika nani?

Nesi wa Usiku, Manitoba
Swali la haki, kaka. Mimi nataka wazee wa jamii zenyewe wawe na sauti kwenye hizo takwimu, si hospitali peke yake. Na saa zako 11 nazo ziandikwe, maana anayeulizwa asili ni kila mtu, sisi weusi tumo.

Nimalizie la yule bibi. Mjukuu wake aliniuliza malalamiko yanapelekwa wapi, nikamwandikia kwenye karatasi. Jana msimamizi kaniita, anataka kujua kwa nini nilimwandikia.