Naombeni ushauri: presha haishuki, nataka kwenda Ujerumani kuunguzwa neva za figo

Baba T: Wakuu, salaam. Nina miaka 49, presha inacheza 170 kwa 100 na nimeandikiwa dawa tatu: amlodipine, losartan na ya kukojosha. Kuna tiba ya ultrasaundi: mpira mwembamba unaingizwa kwenye mshipa wa pajani hadi kwenye ateri ya figo, mawimbi yanaunguza neva zinazochochea presha. Marekani waliipitisha Novemba 2023. Niende? Usingizi sipati.

Chumvi Kiduchu: Mkuu, acha chumvi. Mimi nilikuwa naimwaga hadi kwenye embe. Siku hizi nagonga Mbezi mpaka Mwenge kwa baiskeli.

Mjukuu: Rozela na kitunguu swaumu. Wazee wetu walikuwa hawaijui hata Panadol.

Sista Wodini: Kaka, hizo dawa tatu unazimeza?

Baba T: Nameza.

Sista Wodini: Kila siku?

Baba T: Kichwa kikigonga. Tuelewane dada, hiyo ya kukojosha inaniaibisha kwa mama watoto. Neva zikishaunguzwa nimemalizana nayo. Halafu kiwanja cha Kigamboni nimeshapokea advansi, narudije nyuma?

Sista Wodini: Presha inakula moyo na figo bila kichwa kuuma. Wewe hujashindwa na dawa, hujazinywa. Kwenye majaribio hiyo ultrasaundi ilishusha namba ya juu ya presha kama pointi 6 tu zaidi ya wale waliofanyiwa ya kuigiza, yaani bila kuunguzwa neva, na wengi bado wanahitaji vidonge. Aina nyingine ya tiba hiyo, inayounguza kwa mawimbi ya redio, ilishindwa kuipita ya kuigiza kwenye jaribio kubwa la 2014, ndipo wakarudi kujipanga upya. Mwambie daktari wako ukweli wa chumbani, akubadilishie hiyo dawa. Na apime figo na homoni ya aldosteroni, ambayo ikizidi hupandisha presha, kabla hujauza chochote.

Kijiwe: Pointi 6? Yangu Yanga ikikosa penalti inapanda 30.

Mpelelezi: Mnachezewa. ID ya jana, uzi wa kwanza, anajua hadi mwezi wa kupitishwa! Kesho atatuletea namba ya wakala wa safari za matibabu.

Baba T: Tangazo gani la mtu kujianika mambo ya chumbani? Nimefungua ID mpya kwa sababu mashemeji wamo humu.

Mpelelezi: Weka picha ya dawa.

Baba T: Hiyo hapo juu.

Sista Wodini: Lebo ya duka la dawa ni ya mwezi wa tatu, leo mwezi wa saba. Karatasi ya kukojosha imetobolewa vidonge vinne.

Mpelelezi: Picha ya kuokota hiyo.

Baba T: Usinipande kichwani, nakuomba.

Chumvi Kiduchu: Na hapo ndipo presha inapopanda.

Kijiwe: Wakuu, tuache utani. Baba T, hicho kiwanja ni Kigamboni ipi, na kina hati?